Kutembezwa msitu wa Ngangao kumtafuta thrashi wa Taita: maoni yangu

Naona watu wengi wanauliza kama kuna haja ya kulipa mwongozaji ukienda Ngangao, ule msitu mdogo wa vilima vya Taita, kumtafuta ndege anayeitwa thrashi wa Taita, ama mtu anaweza kujiingilia tu na darubini yake. Jibu langu ni lipa, na ulipe bila kuvutana, manake pale ndani ukienda peke yako utatembea mchana kutwa utarudi umeona miti na ukungu basi. Mimi nimerudi kutoka huko juzi na bado niko na hamu ya kurudi, kwa hivyo acha niandike yote, mazuri na yale yanatakiwa kurekebishwa.

Kwa wale hawajui, tunaongea kuhusu Taita, kule juu Wundanyi, si ile Taita ya mbuga na simba huko chini. Vile vilima vinatoka kwa nyika kavu ya Tsavo vinapanda mpaka Vuria, mita 2,208, na kwa sababu vinakinga upepo wa bahari unapata huko juu ni ukungu, baridi na msitu wa mvua wakati chini Voi watu wanachomeka na jua. Ni sehemu ya ile safu ya milima ya kale inaitwa Tao la Mashariki, yenye mafungu 13, ambapo 12 yako Tanzania (Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa na wenzao) na sisi Kenya tumepata hili moja tu. Hivyo vilima vimekaa kivyake kwa muda mrefu sana, ndio maana vina ndege na vyura na vinyonga ambao huwapati popote pengine duniani. Nasema popote na namaanisha popote, hata Usambara ambako ukisimama mahali pazuri ni kama unaona karibu.

Ndege niliyemfuata mimi ni thrashi wa Taita. Kichwa na kifua cheusi, tumbo jeupe, ubavuni rangi ya kutu iliyokolea, mdomo wa chungwa unang'aa hata kwenye kiza cha msitu. Wanasayansi walimwandika mara ya kwanza 1913, na tangu hapo amejulikana kutoka vipande vichache tu vya msitu, hasa Mbololo, Ngangao na Chawia. Si ndege wa kuruka ruka juu ya miti, kazi yake ni chini, kwenye majani makavu, anapekua wadudu na kuokota matunda yaliyoanguka. Hiyo habari ya majani makavu ishike vizuri manake ndio siri ya safari nzima.

Sasa huduma yenyewe. Waongozaji ni wenyeji, watu wa vijiji vilivyozunguka msitu, na wetu alikuwa mzee wa makamo hivi, mpole, sauti ya chini, anatembea polepole na mikono nyuma. Tulimwita mzee naye alituita wanangu tangu dakika ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa zile ziara za "huyu ni ndege fulani, huu ni mti fulani, twende", lakini huyu alianza kwa kutupeleka mahali sikuwa nimetarajia, kwenye shamba la mipaini pembeni kabisa mwa msitu, akatwambia simameni hapa msikilize. Tukasikiliza. Hakuna kitu. Upepo tu juu huko. Akainama akachota kiganja cha zile sindano za paini zilizolala chini, zimekauka, zimeshikana, akazifunua tukaona udongo mkavu chini yake hauna kitu kinatembea. Akazirudisha, akasema twendeni.

Tukatembea mpaka tukavuka kamstari fulani ambako mipaini inaisha na miti ya asili inaanza, na wueh, hata pua inajua. Hewa imebadilika, imelowa, inanuka uozo mzuri ule wa majani. Mzee akainama tena, akachota tena kiganja, sasa ni majani mapana meusi yamelowa yako tabaka tabaka, na pale pale kwenye kiganja chake kulikuwa na jongoo mdogo, buibui, na vidudu vyeupe vinarukaruka sijui hata vinaitwaje. Akatuangalia akasema, "Wanangu, chakula chake ndio hiki. Kule hakuna." Basi. Hakuongeza neno. Mimi nimesoma kuhusu hawa ndege lakini kusema ukweli hakuna mahali nimewahi kueleweshwa haraka hivyo kwa nini ndege anaweza kuzungukwa na miti na bado hana pa kwenda.

Na hii kitu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Watafiti walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani 1955 na zile za mwaka 2004 wakakuta karibu nusu ya msitu wa asili wa Taita umepotea kwa muda huo, lakini ukihesabu miti yote kwa jumla, eneo lililofunikwa limepungua kidogo sana, kama asilimia mbili. Yaani miti ipo! Ukipita na matatu ukiangalia vilima unaona kijani unasema ah, Taita wametunza msitu. Lakini kijani kingine ni mipaini, mingine mikaratusi, mingine miwati, imepandwa kwa mbao na kuni na kuzuia mmomonyoko, na thrashi kwake hiyo ni kama lami. Sisemi wenyeji wamekosea, watu wanahitaji mbao na kuni na mashamba ya kulima, na mengine yalipandwa na serikali enzi hizo. Nasema tu kwamba mwongozaji anayeweza kukuonyesha tofauti hii kwa viganja viwili vya majani anastahili kila shilingi unayompa.

Kumwona thrashi mwenyewe kulihitaji subira. Mzee alitupanga kwenye mkunjo wa njia, kimya, simu zote zimezimwa sauti, akatuonyesha kwa kidevu (hakunyoosha kidole hata mara moja, nikagundua baadaye kwamba mikono inayorushwa hewani inawatisha) mahali kuna gogo lililooza limeota kuvu. Tukangoja. Star-robini mmoja akaja kwanza, yule mwenye kifua cha njano na kichwa cha buluu ya kijivu, akakaa kwenye kijiti akatuangalia akaenda. Halafu nikasikia chakara, chakara, majani yanapekuliwa. Ukisikia hiyo sauti usigeuke kwa pupa. Thrashi akatokea nyuma ya gogo, akaruka ruka hatua mbili tatu, akasimama, akaweka kichwa upande, akashika jani kubwa kwa mdomo akalitupa kando, akashika lingine akalitupa, halafu akachomoa kitu chembamba cheusi akakimeza. Mdomo wake ulikuwa na tope kwenye ncha. Nilikuwa na darubini lakini mwisho niliishusha tu manake alikuwa karibu kiasi hicho. Alikaa muda wa kutosha, hakuonekana na haraka, kisha akaingia kwenye kiza cha vichaka na hatukumwona tena.

Kuna jambo lingine hapa ambalo linanifanya niwape alama za juu. Mmoja wa kundi letu alikuwa na sauti za ndege kwenye simu, akataka kupiga mlio wa thrashi ili atoke karibu zaidi apate picha. Mzee alimkataza kwa heshima lakini hakubembeleza. Akamweleza kwamba yule ndege akisikia mlio wa mwenzake kwenye eneo lake anaacha kula anakuja kupigana na mtu ambaye hayupo, na kama ni wakati wa kiota anaacha kiota. Kwenye msitu mkubwa wenye maelfu ya ndege labda haidhuru sana, lakini hapa kila jozi ina maana, na wageni wanakuja kila wiki, kila mmoja na simu yake. Yule jamaa alinuna kidogo, nusu saa baadaye thrashi akatoka mwenyewe bila kuitwa. Nimeshatembea na waongozaji kwingine ambao wanapiga sauti mfululizo ili mgeni afurahi atoe bakshishi, kwa hivyo hii ya Ngangao nimeiheshimu sana.

Hesabu zenyewe ni za kutia wasiwasi na mzee anazijua. Makadirio ya miaka ya 90 yalikuwa thrashi kama 1,400 hivi kwa jumla, na hao hawajagawanyika sawa, zaidi ya robo tatu wako Mbololo, Ngangao wako mamia machache, na Chawia walikuwa makumi tu. Mbololo ni kilima kingine, kimetenganishwa na hivi vya huku na bonde kavu la chini, na thrashi si ndege wa kuvuka bonde wazi. Ngangao yenyewe ni kama hekta 120 za msitu wa asili, Chawia haifiki hekta 100, halafu kuna vipande vidogo vidogo vya hekta mbili mpaka 16 ambavyo thrashi wengi wameshavikimbia au wamekwisha. Kwa hivyo ukisema "wako 1,400" inasikika wengi kiasi, lakini wale wa Chawia hawawezi kuomba msaada kwa wale wa Mbololo.

Kuna utafiti ulifanywa Taita miaka hiyo ya 90, na watafiti wa Ubelgiji wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao kila nikiufikiria unanisisimua. Walikuwa wanashika ndege kwa nyavu, wanawapima miguu, wa kushoto na wa kulia, kisha wanawaachilia. Wakakuta kwamba kwenye msitu ulioharibiwa zaidi miguu miwili ya ndege mmoja inatofautiana urefu kuliko kwenye msitu mzuri. Tofauti ndogo sana, huwezi kuiona kwa macho, lakini ipo, na iliongezeka kadiri makazi yalivyoharibika. Ndege anakua kwa shida tangu kwenye kiota na shida inaandikwa kwenye mfupa. Hii nilitamani sana ingekuwa imeandikwa kwenye bango pale mwanzo wa njia, manake hakuna bango lolote la maana, na nitarudi kwa hilo.

Apalisi wa Taita, ndege mwingine mdogo wa huku tu, tulimsikia lakini kumwona ilikuwa kwa sekunde, kivuli kidogo cheusi kwa juu na cheupe tumboni, mkia mrefu, ndani ya vichaka vilivyosongamana pale mti mkubwa ulipoanguka mwanga ukaingia. Huyu ndiye aliye hatarini zaidi kuliko wote, wamebaki mamia tu, na tabia yake ni tofauti na ya thrashi, yeye anapenda mahali palipofunguka kidogo msituni na vichaka vizito chini, si kiza kitupu. Kwa hivyo hata kusema "tusiguse msitu kabisa" hakutoshi, unahitaji msitu mkubwa kiasi cha kuwa na miti inayoanguka yenyewe kwa wakati wake. Mzee alisema kama nia yako ni apalisi, ukae siku nyingine na upande Vuria, ndiko anapatikana kwa urahisi kidogo, na mimi naamini manake hakuwa anajivutia biashara, huko Vuria mara nyingi anakupa mtu mwingine. Yule mwingine wa tatu, ndege jicho-jeupe wa Taita, mwenye duara kubwa jeupe kuzunguka jicho kama miwani, huyo tulimwona kwa makundi, ni mvumilivu zaidi, anafika pembeni mwa msitu, na yuko pia mlima Kasigau ulio jirani.

Sasa malalamiko.

La kwanza si la waongozaji, ni la kampuni moja ya utalii ya pwani ambayo ndiyo iliyotuletea safari. Waliuza "ziara ya ndege wa Taita" lakini kwenye ratiba yao Ngangao ilikuwa ni kituo cha kupita wakienda mbugani, wakatufikisha saa nne asubuhi jua limeshapanda na dereva anaangalia saa tangu tushuke. Saa nne! Ndege wa msitu wanaimba saa kumi na mbili mpaka saa mbili tatu hivi, baada ya hapo wananyamaza. Ilibidi sisi wenyewe tugome, tukalala Wundanyi, tukarudi kesho yake alfajiri kwa bodaboda, na ndio hiyo siku ya pili nimewaelezea hapo juu. Siku ya kwanza hatukuona thrashi hata mkia. Kwa hivyo kama kampuni inakuuzia Taita uliza swali moja tu, tunaingia msituni saa ngapi, ukijibiwa baada ya kifungua kinywa tafuta wengine, au afadhali uende mwenyewe umpigie mwongozaji moja kwa moja.

La pili, bei. Waongozaji hawana bei iliyoandikwa mahali, mnaelewana pale pale, na kiingilio cha msitu ni kitu kingine kabisa kinalipwa kivyake. Hakuna mtu alijaribu kutulaghai, nisiseme uongo, lakini mgeni asiyejua Kiswahili vizuri atachanganyikiwa, na mwongozaji mwenyewe anaumia manake wengine wanamvuta bei mpaka chini kabisa. Waandike tu kwenye ubao, nusu siku ni hivi, siku nzima ni hivi, basi.

La tatu ndilo hilo la mabango. Mzee ana elimu yote kichwani, hesabu, historia, majina ya miti kwa Kidawida (lugha ya Wataita) na ya kisayansi, lakini ukija siku hayupo umepoteza. Hakuna hata karatasi moja ya picha za ndege watatu wa hapa wa kumpa mtoto wa shule akipita. Hao watoto wanapita pale kila siku na ndio watakaokuwa na mashamba pembeni mwa msitu baadaye. Wataalamu walishapendekeza muda mrefu kwamba baadhi ya mashamba ya mipaini yaliyo kati ya vipande yageuzwe polepole kuwa msitu wa asili ili ndege wapate njia ya kupita, sasa hiyo haiwezekani kama mwenye shamba jirani hajui kwa nini inahitajika. Tulipita mahali miche ya asili imeanza kuota yenyewe chini ya mipaini iliyozeeka, mzee akatuvusha hapo kwa uangalifu tusiikanyage, akatuambia mbegu zinaletwa na ndege wanaokula matunda. Hapo nilitamani sana kuwe na kibao.

Njia yenyewe ni ya kuteleza. Beba gumbuti, si raba, na kama magoti yako hayako sawa omba fimbo mapema. Choo hakuna ukishaingia. Netiweki inakuja inapotea, usitegemee kulipa kwa simu ukiwa ndani, malizana kabla. Nguo za rangi kali acha nyumbani, mmoja wetu alikuja na jaketi jekundu mzee akamwomba aligeuze ndani nje.

Kufika si kazi. Treni ya SGR inakushusha Voi, kutoka hapo kuna matatu za Mwatate na Wundanyi zinapanda kona kona, kama unatapika kaa mbele. Wundanyi kuna vyumba vya kawaida na vya bei ya kueleweka, na kutoka hapo asubuhi ni bodaboda, mwambie usiku ule akufuate saa kumi na moja na umpe kitu kidogo cha kumwamsha. Baridi ipo kweli, watu wa Mombasa msicheze na hiyo, beba sweta nzito. Mvua ndefu ni Machi mpaka Mei na fupi Oktoba mpaka Desemba, ndege wapo mwaka mzima manake hawana pengine pa kwenda, lakini mvua ikinyesha kweli hutaona wala kusikia kitu, njia inageuka mfereji.

Chawia pia tulipita mchana siku ya mwisho, haraka tu. Ni pazuri lakini unaona mwanga unaingia kutoka kila upande, kila ukitembea kidogo unaona shamba. Thrashi hatukumwona na sikutarajia.

Nyota naipa huduma ya waongozaji wa Ngangao nne na nusu kwa tano, hiyo nusu nimeizuia kwa ajili ya bei zisizoandikwa na mabango, wakirekebisha naongeza siku hiyo hiyo. Kampuni iliyotupeleka naipa moja. Mimi safari ijayo ni Mbololo, ambako ndiko thrashi wengi wako, mzee amesema ni kupanda kwingi na lazima ulale karibu ili uingie kabla ya mapambazuko, kwa hivyo kama kuna mtu ameshafika aniambie njia ya kupandia upande wa Voi ikoje na kama kuna mwenyeji wa kutembea naye, nataka kwenda kabla mvua za Machi hazijaanza.